Moshi Ulioniingia Kooni

Ni miezi kumi na sita sasa sijapasuliwa. Mtu mwenye afya hawezi kujua uzito wa maneno hayo, na ninamwombea asiujue. Nimeona niandike wakati huu ninapopumua bila kujisikiliza, maana nilipokuwa katikati ya ugonjwa nilitafuta mtu aliyeupitia anieleze kilicho mbele yangu, nikamkosa. Ninamwandikia yeyote aliyeambiwa ana kitu kooni. Zaidi ninawaandikia dada zangu wanaofanya kazi niliyokuwa nikiifanya, walioinama juu ya ngozi za watu huku moshi unawapanda usoni. Mimi si daktari. Nitasema yaliyonipata tu.

Naitwa Odette, mzaliwa wa Mahagi. Nilikuja Bunia kwa ndoa, tukakaa mtaa wa Mudzi Pela na mume wangu Faustin, mwalimu wa jiografia, na binti yetu Exaucée, aliyekuwa na miaka sita mambo haya yalipoanza. Ilikuwa miaka ile ambapo vita vilikuwa vimepoa lakini hakuna aliyethubutu kusema vimekwisha. Watu walijenga, waliezeka bati jipya, walioana, na bado wengi wetu tuliweka vyeti vya watoto ndani ya mfuko mmoja karibu na mlango. Dhahabu ilikuwa ikitoka machimbo ya Nizi na Bambu, na wanawake waliokaa miaka mingi bila kujitazama kwenye kioo walianza kutaka uso safi.

Madame Sifa, mjane mwenye mikono myepesi na kicheko kikubwa, alikuwa na saluni kando ya bulvari, barabara kuu ya mji. Alileta mashini ya leza kutoka Kampala, na fundi aliyekuja nayo akatufundisha siku mbili. Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Niliondoa ndevu za wanawake, madoa, michoro ya ujana iliyochorwa kwa sindano, na zaidi ya yote chunjua, vile vinyama vidogo vinavyoota shingoni, vidoleni na usoni. Tulifanyia kazi chumba cha ndani. Hakikuwa na dirisha, maana wateja walitaka siri. Kulikuwa na pazia zito na feni ndogo iliyozungusha hewa ileile.

Mashini ilikuja na mwenzake, sanduku jeupe lenye mpira mrefu wa kufyonza moshi. Baada ya miezi michache chujio la ndani likajaa na kuwa jeusi, sanduku likaanza kunguruma na kuilemea jenereta. Madame akasema tuliache mpaka apate chujio jingine. Hakupata, na sisi hatukuuliza tena. Sanduku likawa meza, tukaweka juu yake maua ya plastiki. Maski zilikuwepo, za karatasi nyepesi. Nilivaa moja wiki nzima, na joto lilipozidi niliishusha kidevuni.

Harufu ya kazi ile wanaijua waliowahi kubabua kichwa cha mbuzi. Inashika nywele, inashika nguo. Charlotte, mama wa watoto wawili kutoka Aveba, alipoajiriwa kufanya kazi pamoja nami, siku ya kwanza alitoka nje akikohoa, akaniita yaya, kwa heshima ya dada mkubwa.

"Yaya Odette, hii moshi inanichoma mu koo."

"Utaizoea. Ni ngozi tu inaungua."

"Kweli haina mubaya?"

"Moshi ya makala ya jikoni tunavuta kila siku. Imetuua?"

Akacheka, akarudi ndani. Maneno hayo niliyasema mimi. Hakuna aliyenilazimisha.

Baadaye wakaanza kuja wanawake wenye chunjua sehemu za siri. Wengi walitoka kwenye machimbo, na hospitali waliionea haya. Madame alisema ni wanawake wenzetu, tusiwafukuze, na hakukosea kuwahurumia. Lakini kazi ile ilinitaka niiname karibu sana ili nione ninachokichoma, na moshi wake ulikuwa mzito, ulinijia moja kwa moja puani. Nilikuwa nakunywa maji, natema, naita mwingine. Nilifanya hivyo karibu miaka mitatu.

Sauti ilianza kukwaruza mwanzoni mwa mvua za mwezi wa nane. Nilidhani ni mafua. Nilikunywa tangawizi, nikanyonya ndimu, nikajifunga kitambaa shingoni. Mvua zikaisha, kiangazi kikaja na vumbi lake, sauti haikurudi. Exaucée alikuwa ananicheka: "Mama iko nasema kama baba!" Wateja pia walicheka. Nami nilicheka nao, mpaka siku niliyompigia simu mama yangu.

Mama yangu ni kipofu. Macho yalimfia kabla sijaolewa, na tangu hapo watu wote anawajua kwa sauti. Alipokea simu, nikamsalimu kwa lugha yetu. Nikasalimu tena.

"Nani huyu?" akauliza. "Hiyo simu ni ya mtoto wangu. Umeipata wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe si yeye. Mpe Odette simu."

Nilijitahidi kusema jina la baba, jina la ng'ombe wetu wa zamani, chochote, lakini kadiri nilivyojikaza ndivyo sauti ilivyozidi kupasuka. Akakata. Nilibaki nimesimama na simu mkononi. Siku hiyo ndipo woga uliponiingia, na sitadanganya, haujatoka wote.

Nilikwenda hospitali mjini. Kwa kuwa nilikuwa nakohoa, walinikalisha nje pamoja na wanaopimwa kifua kikuu, kwenye benchi chini ya turubai, mbali na wengine. Kila mmoja alishika kikopo chake cha makohozi na kukificha kwenye nguo kama kitu alichoiba. Nilikwenda mara tatu na mara zote hawakuona kitu. Wakanipa dawa za kuua vijidudu, nikazimaliza, wakanipa nyingine. Jirani alinipeleka kwa mama mmoja wa maombi, ambaye aliweka mikono kichwani pangu akasema kuna mtu ameifunga sauti yangu ndani ya chupa. Nilirudi nyumbani nikimwaza kila mwanamke niliyewahi kukosana naye. Woga ukishakosa jina, unaazima la jirani.

Kisha kupumua nako kukabadilika. Kupanda kilima kwenda nyumbani, nilianza kusikia mluzi. Nilisimama, nikageuka kutazama ni nani anapuliza. Hakukuwa na mtu. Mluzi ulitoka ndani yangu. Asubuhi moja, nikimwogesha Exaucée, nilicheka jambo alilosema, na kicheko kikaziba njia ya hewa. Nilivuta, hakikuingia kitu. Nikashika ukingo wa beseni. Mtoto alinitazama huku sabuni inamtiririka usoni, hakulia, alisema tu, "Mama, pumua. Mama, pumua." Hewa ikapita kama uzi. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba tangu siku hiyo mtoto wangu hakunichekesha tena.

Daktari mmoja mzee, ambaye Faustin alimpata kwa kuulizauliza, aliniingiza kioo kidogo chenye mpini mrefu hadi nyuma ya ulimi. Alitazama, akakitoa, akakipasha moto, akatazama tena. Nilikuwa namwangalia uso. Wagonjwa wote tunajua kusoma uso wa daktari kuliko yeye anavyojua kuusoma wetu.

"Kuko kitu," alimwambia Faustin, si mimi. "Vinyama. Imejaa pale sauti inatokeaka. Hapa sina kyombo ya kutoa ile. Muende Kampala, na musikawie."

"Ni kansa?" Faustin aliuliza.

"Sijue. Muende."

Ndugu wa pande zote mbili walichanga, Exaucée tukamwacha kwa shemeji yangu, tukapanda gari la kwenda mpakani. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua imeanza, barabara imelainika. Baada ya Djugu tulikuta kizuizi cha askari. Kila abiria alitakiwa kushuka na kujieleza. Zamu yangu ilipofika nilifungua mdomo, ukatoka upepo.

"Weye mama, nakuuliza unatoka wapi. Unaniona mutoto?"

"Shefu, ni mugonjwa," Faustin alisema. "Hana sauti."

"Aseme yeye mwenyewe."

Alinisogelea mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake. Bunduki ilikuwa inaning'inia upande wangu. Nilijikaza kusema "Bunia," na katika kujikaza kule koo likabana, mluzi ukatoka mkali, mabega yangu yakapanda na kushuka. Askari alirudi hatua mbili nyuma. Nilimwona akiogopa, kijana mwenye bunduki akimwogopa mwanamke anayetafuta hewa.

"Pita," alisema. "Pita mbiyo."

Tulilala Mahagi kwa mama. Alikuwa amekaa mlangoni. Sikumsalimu, nilipiga magoti mbele yake. Aliweka vidole shingoni pangu, akavishusha hadi kifuani, akasikiliza kwa mkono namna pumzi inavyohangaika. Alipapasa alama ya moto iliyo kwenye bega langu tangu utotoni. Ndipo alipolia. "Nilikufukuza kwenye simu," alisema. "Nilimfukuza mtoto wangu." Nilibaki nimelaza kichwa pale pale magotini pake mpaka chakula kilipoletwa.

Huko Kampala nilingoja siku nne kwenye ukumbi wa hospitali wenye viti vya chuma. Sikujua Kiganda, wala Kiingereza. Mungu alinipa rehema ndogo: muuguzi mmoja, Mama Agnes, alizaliwa Aru, na aliposikia Faustin akisema Kiswahili chetu alisimama akiwa na sinia la dawa mkononi. "Nyinyi ni ba kwetu!" Tangu hapo alipita kila asubuhi, hata siku ambayo hakuwa na zamu.

Yeye ndiye aliyenisukuma kuingia chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimelala chali, naogopa kufa, nikatazama kila kitu kama mtu anayekariri. Kulikuwa na mashini. Niliijua. Ilikuwa kubwa kuliko yetu, lakini ule mkono wake unaokunjika, ile taa nyekundu ndogo, niliijua kama sufuria yangu. Pembeni yake kulikuwa na sanduku la kufyonza, linanguruma taratibu, mpira wake umeshikwa tayari karibu na mdomo wangu. Na watu wote mle ndani, daktari, mtoa dawa ya usingizi, waliopanga vyombo, walikuwa wamevaa maski nene zilizobana mashavu, na miwani juu yake. Mmoja alimsogelea mwenzake, akambana vizuri waya wa maski juu ya pua.

Nilimshika Mama Agnes mkono. Nikamwonyesha maski kwa kidole.

"Ni juu ya moshi," alisema. "Hii vinyama wakiichoma na leza, moshi inabebaka ugonjwa. Ukiivuta, inaweza kuota kwa koo yako pia."

Nilimwangalia. Walikuwa wanajikinga na moshi wa koo langu. Niliona kile chumba cha ndani, pazia, feni, maua ya plastiki. Nilitaka kusema, nikaambiwa nihesabu, na nikalala.

Nilipoamka nilikuwa na karatasi kifuani: nisiseme neno wiki mbili, hata la kunong'ona. Daktari alikuja, akaniuliza kupitia Mama Agnes ninafanya kazi gani. Niliandika kwenye daftari. Aliposomewa alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisema si kansa. Alisema vinyama vile ni ndugu wa chunjua nilizokuwa nachoma, kwamba hakuna anayeweza kuapa vimetoka wapi, lakini akisikia kazi yangu yeye hashangai. Kisha akasema jambo lililoniganda moyoni: vitarudi. Vingine hurudi mara moja, vingine mara kumi. Vikiwahi kuziba njia kabla sijafika, watanitoboa shingo.

Katika wodi ile kulikuwa na mwanamke mwenye bomba shingoni. Akitaka kusema aliziba tundu kwa kidole. Nilikuwa naogopa kumtazama, naye alijua. Siku ya kuondoka alinijia, akaweka kidole shingoni, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Usiogope. Mimi nakula. Mimi nacheka." Nilimpigia makofi bila sauti, hatukuwa na namna nyingine ya kuagana.

Faustin alikuwepo wakati wote huo isipokuwa saa ya daktari, maana alikuwa amekwenda kununua dawa. Alichokipata ni karatasi ya hospitali. Alilitafuta lile jina la ugonjwa kwenye simu. Tulikuwa chumbani, nyumba ya wageni, nakunja nguo.

"Odette," alisema bila kunitazama. "Hapa wameandika kidudu cha hii maladi kinapatikanaka kwa njia ya kulala na mutu."

Nilitikisa kichwa. Nikachukua daftari: *Ni moshi. Kazini.*

"Moshi?"

*Moshi wa chunjua. Uliza Mama Agnes.*

"Sijawahi kusikia moshi inapatisha mutu maladi ya vile."

Nilikuwa na maneno elfu, na kila neno lingeweza kuniharibia kidonda. Niliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Alisoma, akafunga daftari, akalirudisha juu ya kitanda kwa upole ulioniumiza kuliko kofi. Mama Agnes hakuwa na zamu siku ile, na gari la mpakani lilituchukua kabla hajafika. Safari nzima ya kurudi tulikaa bega kwa bega kama wageni.

Tulipofika Bunia alihamia kwa kaka yake, mtaa wa Nyakasanza. Alisema ni kwa ajili ya kunipumzisha. Alileta unga, alimchukua Exaucée shuleni, hakuingia ndani zaidi ya kizingiti. Wiki mbili zilipokwisha nilijaribu sauti. Ilitoka, nyembamba, ya mtu mwingine, lakini ilitoka. Sikuwa na wa kumwambia.

Woga wangu wakati huo haukuwa wa kifo. Ulikuwa wa vikombe. Nilichemsha vikombe, nilichemsha vijiko, niliacha kumbusu mtoto. Usingizi wake niliusikiliza kama mluzi utatoka. Daktari alikuwa ameniambia ugonjwa huu haupiti kwa kikombe, nami nilimwamini mchana na kuacha kumwamini kila Exaucée alipokohoa.

Jumamosi moja Faustin alikuja na kuingia mpaka ndani. Macho yalikuwa mekundu. Alivua shati, akaliweka mapajani mwangu.

"Nusa."

Ilikuwa ile harufu. Alikuwa amekwenda saluni kumuuliza Madame Sifa uso kwa uso. Walimkalisha chumba cha mbele angoje, na Charlotte alikuwa na mteja kule ndani. Moshi ulipita chini ya pazia, akakaa ndani yake saa nzima.

"Mimi nilikuwa mbali, huku mbele," alisema. "Weye ulikuwa umeinama juu yake. Miaka tatu." Akakohoa. "Munisamehe, mama."

Nilifua lile shati mara mbili, nikalianika. Jioni alikwenda kuchukua vitu vyake kwa kaka yake.

Vinyama vilirudi, kama nilivyoambiwa. Upasuaji wa pili ulikuwa kiangazi cha mwezi wa kwanza, wakati vumbi la Bunia linaingia mpaka kwenye chumvi. Wa tatu ulikuwa mvua za mwezi wa tisa. Hutokea hivi: unapata miezi kadhaa mizuri, unaanza kusahau, kisha asubuhi moja sauti inakwaruza na unakaa kitandani bila kusema na mtu, ukijidanganya kwamba ni umande. Kila mara nilipoingia kwenye gari la Mahagi niliacha nyumbani karatasi yenye maelekezo juu ya mtoto, nimeificha ndani ya Biblia. Faustin aliiona mara ya tatu. Hakuichana. Aliisoma, akaongeza chini yake kwa mwandiko wake: *Nimekubali yote, lakini urudi.*

Sasa nifike kwenye jambo ninaloonea haya.

Baada ya upasuaji wa kwanza Madame Sifa alikuja kuniona na sabuni na sukari. Alilia kweli. Kisha akasema, "Odette, watu wakiuliza, sema ni koo tu, ni kama goitre, ule uvimbe wa shingo. Ukisema ni moshi, batafunga ile nyumba, na tunakula pale siye wote." Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwa na ruhusa ya kusema, ndivyo nilivyojiambia. Lakini sauti iliporudi, bado sikusema. Nilijua Charlotte yuko mle chumbani mahali pangu. Nilijua. Niliogopa kuchekwa, niliogopa watu wasikie ni ugonjwa wa aina gani wakawaza alichowaza mume wangu. Nilinyamaza upasuaji mmoja, nikanyamaza wa pili, nikanyamaza wa tatu.

Wiki tatu baada ya huo wa tatu, nilikutana na Charlotte daraja la Nyamukau, anatoka sokoni.

"Yaya, habari ya siku mingi," alisema.

Sauti ilikuwa imekwaruza. Ilikuwa kavu, imepasuka katikati, kama yangu ya kwanza kabisa. Nilimshika mkono asiende.

"Ile sauti imeanza lini?"

"Hii? Wiki moja hivi. Nilienda kwa kilio ya shangazi, kule Aveba. Tulilia siku tatu."

"Umekuwa ukivaa maski?"

"Yaya, kuko nini?"

Pale pale, watu wanatupita na mihogo na kuku, nilimwambia yote. Ugonjwa, moshi, chumba cha Kampala, maski zinazobana mashavu. Nilimwambia pia tangu lini ninajua. Hapo uso wake ulibadilika. Alitua kikapu chini.

"Mwaka muzima na nusu," alisema. "Ulikuwa unanipita hapa unanisalimia. Niko na batoto, Odette."

Hakuniita yaya. Ilinistahili.

Kesho yake tulikaa pamoja kwa yule daktari mzee wa kioo, kwenye benchi, yeye mwisho mmoja na mimi mwingine. Nimengoja mara nyingi katika ugonjwa huu, lakini sijawahi kungoja vile. Nilikuwa tayari nimemwona kwenye lile gari, nimemwona akihesabu na kulala, nimeona watoto wake kwa shemeji. Walipomwita niliingia naye bila kuombwa. Alifungua mdomo. Daktari alitazama, akakitoa kioo, akakipasha moto, akatazama tena. Nilishindwa kumwangalia uso, nikaangalia viatu vyake.

"Iko safi," alisema. "Nyekundu kidogo. Ulipiga kelele?"

"Nililia kilio," Charlotte alisema.

"Basi upumzike. Urudi miezi mitatu nione tena."

Tulitoka nje. Charlotte alikaa kwenye ngazi, akainamisha kichwa, akalia tena, safari hii bila sauti. Nilikaa kando yake. Alijifuta uso, akaniambia, "Twende kwa Madame. Weye utasema, miye nina koo."

Madame Sifa alitusikiliza amesimama. Alikasirika, akasema tunataka kumuua akiwa hai. Charlotte alimwonyesha ufunguo wa kuwashia leza, akautia mfukoni mwake. "Siingie tena mule mpaka moshi ipate njia ya kutoka." Siku nne saluni ilisuka nywele tu. Siku ya tano Madame alifika kwangu, akakaa kwenye kiti cha Faustin, akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye, ambaye alikuwa akiingia na kutoka kule ndani, anaweza kuwa na ugonjwa huu. Nilimpeleka kwa yule daktari. Naye hakuwa na kitu. Alirudi mtu mwingine, au tuseme alirudi mtu aliyeogopa, na woga ulimfanyia kazi ambayo maneno yetu hayakuiweza.

Fundi alitoboa ukuta, likawekwa dirisha na feni inayotupa hewa nje, juu ya paa, mbali na wapita njia. Lilitoka Kampala sanduku jipya la kufyonza na machujio ya akiba. Mdomo wa mpira unashikwa karibu kabisa na mahali panapochomwa, upana wa vidole viwili tu, kwa sababu ukiuacha mbali ni kama haupo. Maski ni zile nzito zinazobana, na mteja pia anafunikwa. Chujio likijaa linatolewa kwa glavu, linafungwa, linakwenda kuchomwa na taka za hospitali. Nami nimerudi pale, na chunjua za sehemu za siri hatugusi tena. Mimi ninawasindikiza wale wanawake hospitali mwenyewe, naketi nao kwenye benchi, maana najua benchi lile. Simfundishi mtu leza bila kumweleza kwanza sauti yangu ilikokwenda.

Nilipasuliwa mara ya nne, kisha safari mbili za Kampala nikatazamwa tu na kurudishwa. Sauti niliyo nayo ni nusu ya ile ya zamani, na hairudi. Daktari hasemi nimepona. Anasema "tuonane." Bado nikiamka ninavuta pumzi moja ndefu kabla sijafungua macho.

Juma lililopita nilikuwa chumba cha mbele, ninaandika majina ya waliofika. Ndani alikuwa Charlotte na mama mmoja wa Bambu, mke wa mnunuzi wa dhahabu, mwenye chunjua shingoni na harusi ya mwanawe siku iliyofuata. Nilisikia sanduku la kufyonza likikohoa, likapiga mluzi, likanyamaza. Mashini yenyewe ilikuwa bado inavuma. Niliacha kalamu, nikakimbia, nikashindwa kupiga kelele kwa sababu sina za kupiga.

Nilipofunua pazia, leza ilikuwa imekwisha kuzimwa. Charlotte alikuwa amefungua dirisha lote, anamwinua yule mama, bado amevaa maski yake.

"Lakini imebakia kidogo tu!" mama wa Bambu alilalamika, mkono shingoni. "Umalize tu, dakika moja!"

"Hapana, mama," Charlotte alimjibu, akimtoa nje taratibu kwa kiwiko. "Tukae kwanza pale kwa hewa."